Kura Nyepesi ya Yaya

Siku yaya alipoapa kuwa raia wa Marekani, mimi nilikuwa kwenye saluni yangu hapa South Beach ya Durban, namsuka mteja rasta, na simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye kopo la mafuta ya nywele ili nimwone vizuri. Yaya ndivyo sisi wa Uvira tunavyomwita dada mkubwa. Huyu wangu ananizidi miaka tisa. Alinibeba mgongoni kabla sijajua kutembea, na hupenda kusema kwamba mpaka leo hajanitua. Alikuwa amevaa kitenge cha bluu na kilemba kirefu hivi kwamba mtu aliyekaa nyuma yake bila shaka hakumwona jaji. Aliinua mkono wa kuume, akafuatisha maneno ya kiapo. Sherehe ilipokwisha, hakuzungumzia pasi ya kusafiria wala kuja kututembelea. Aliniambia, "Mdogo wangu, wamenipa fomu ya kujiandikisha kupiga kura. Palepale mlangoni! Nimeijaza nikiwa nimesimama."

Nikacheka. Mteja wangu akauliza kulikoni, nikamwambia dada yangu amepata harusi.

Tulikuwa tumefika Durban pamoja: yaya, binti yake mdogo, na mimi. Tulipanga nusu ya chumba kule Berea, nusu ya pili wakikaa Warundi, katikati pazia la maua. Yaya alifanya kazi za nyumbani kwa bibi mmoja wa Morningside, akipanda kilima kwa miguu kila asubuhi. Faili lake la ukimbizi lilipoitwa kwa safari ya Marekani, lilikuwa na majina mawili tu, lake na la binti yake. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaolewa na nina faili langu. Kwa hiyo wao wakaenda Kentucky, mimi nikabaki na mume wangu, na hilo ndilo jambo la maisha yetu ambalo bado hatujui kulizungumza bila mmoja wetu kwenda kutazama chungu jikoni.

Imani yake katika kura haikuanzia Marekani. Tulipiga kura pamoja mara moja tu, nyumbani, ule uchaguzi uliokuja baada ya vita. Baba yetu alikuwa fundi wa kushona. Usiku mzima wa kuamkia siku ile hatukusikia cherehani, na asubuhi tukaelewa kwamba alikuwa amelala mapema kama mtoto anayengojea Noeli. Tulisimama foleni kuanzia alfajiri mpaka jua likawa juu ya kichwa. Kidole chake kilipopakwa wino, alikataa kukiosha. Alikula ugali kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo sisi tungelifanya tungechapwa. Yaya alimtazama kwa namna ambayo sijaisahau. Nadhani alichukua kitu kwake siku ile, akakificha mahali ambapo hata kukimbia hakukukitoa.

Mimi kura yangu ni ile moja. Hapa Afrika Kusini nina karatasi ya mkimbizi. Naweza kufanya kazi, kuzaa, kuzika. Kupiga kura siwezi. Mwaka huohuo wa kiapo cha yaya, uchaguzi wa hapa ulifanyika mwezi wa tano, na mwanamke Mzulu ninayefanya naye kazi alikuja kesho yake na kidole gumba cha kushoto kina wino. Yeye huniita "sisi". Kwao neno hilo ni dada, lakini masikio yangu ya Kiswahili kila mara husikia "sisi" yetu, ya watu wote, na mpaka leo napenda kuitwa hivyo. Alikionyesha kidole kwa wateja, kisha akanijia taratibu akaniuliza, "Wewe sisi, ungechagua nini?" Nikasema ningechagua maji yasikatike. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Eish, hata mimi nilichagua hilo."

Wakati huo wote yaya alikuwa anahesabu wiki zilizobaki kufika uchaguzi wa kwake, wa Novemba. Alikuwa ameshindwa mtihani wa uraia mara ya kwanza, na kwa mara ya pili tulisoma pamoja kwa simu, mimi nikisoma maswali, yeye akijibu huku akikunja mashuka hotelini anakofanya kazi. Alijua idadi ya maseneta. Alijua kwa nini baadhi ya majimbo yana wabunge wengi kuliko mengine. Kitu kimoja hakuna swali lililomfundisha, na aliyemfundisha ni mume wangu.

Mume wangu anatengeneza simu katika duka moja mjini. Ni mtu mpole, lakini hesabu ikikosewa mbele yake hawezi kunyamaza, hata kanisani. Jumapili moja yaya alikuwa kwenye simu, anatueleza jinsi atakavyovaa siku ya kura, na jinsi rais atakayeingia atakuwa ameingizwa na yeye pia, mwanamke wa Uvira. Mume wangu alikuwa anatwanga sombe, yale majani ya mihogo. Akasimamisha mchi.

"Shemeji," akasema, "hongera kabisa. Lakini usichoke roho baadaye. Kule kwenu kura hazijumlishwi nchi nzima. Kila jimbo linahesabu zake, na karibu kote anayeongoza katika jimbo, hata kwa kura moja, anabeba wajumbe wote wa jimbo lile. Wajumbe ndio wanaochagua rais. Na jimbo lenu limeshajulikana litaenda wapi, tangu zamani."

"Limejulikana na nani?"

"Na kila mtu. Ndiyo maana wagombea hawaji kwenu. Umewaona?"

Yaya akafikiri. "Sijawaona."

"Wako Michigan, anakokaa binti yako. Wanalala kule, wanakula kule. Kura yake wanaitafuta kama dhahabu. Na iko majimbo madogo sana, watu wachache, lakini hayakosi wajumbe watatu, kwa hiyo mtu mmoja wa kule ana uzito kuliko mtu mmoja wa majimbo makubwa."

"Kwa hiyo yangu haihesabiwi?"

"Inahesabiwa, shemeji. Ila ni nyepesi."

Kisha yaya akauliza, kwa sauti ya adabu sana, "Watoto wamekula?" Nikajua amefunga mlango. Yaya akiumia huuliza kama watu wamekula.

Nilimgeukia mume wangu. Nilimwambia kwamba yule mwanamke amesubiri miaka, amejifunza Kiingereza ukubwani, na yeye kwa dakika tatu amemvua nguo. Akaniuliza kwa utaratibu, "Ungetaka nimdanganye?" Nikamnyang'anya mchi, nikatwanga sombe iliyobaki kwa nguvu kuliko ilivyostahili.

Siku nne yaya hakupiga. Siku ya tano akapiga nikiwa kazini, kwake kukiwa asubuhi mapema. Hakusalimia. "Binti yangu anapiga kura?"

Hapo lazima nieleze. Yaya na binti yake walikuwa hawasemezani mwaka wa pili huo. Msichana alikuwa amepata mimba kwa kijana ambaye yaya hakumtaka, na yaya alimwambia neno kwa simu. Neno lenyewe sitaliandika. Msichana akahamia Michigan, kijana akaenda zake, mtoto wa kike akazaliwa, na kuanzia hapo mama na binti waliongea kwa kupitia kwangu. Homa ya mtoto ilitoka Michigan, ikapita Durban, ndipo ikafika Kentucky. Majibu ya yaya yalirudi kwa njia hiyohiyo: mkande kwa maji ya vuguvugu, usimfunike sana. Mara nyingine walikuwa wanangojea majibu yangu na mimi nina kichwa cha mtu mikononi.

Kwa hiyo nilikuwa najua jibu. Binti, aliyepata uraia kabla ya mama yake, alikuwa ameniambia waziwazi: "Mama mdogo, vikaratasi vyao vimejaza sanduku la barua. Wanagonga mlango mpaka mtoto anaamka. Nimehama nyumba, hata sijajiandikisha hapa. Nimechoka na hawa watu wote. Mtu mmoja hawezi kubadilisha kitu."

Nikamwambia yaya ukweli. Alivuta pumzi.

"Unaona kazi ya Mungu," akasema. "Mimi niko na moyo, uzito hakuna. Yeye iko na uzito, moyo hakuna." Halafu, polepole, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu: "Mdogo wangu, nikienda kule... atanifungulia?"

Katika maisha yangu yote yaya hakuwahi kuniomba ruhusa ya kitu. Nilitoka nje ya saluni, nikasimama ukutani kati ya wauza soksi na mlango wa lifti, nikamwambia aende. "Lakini usiende na maneno. Nenda na sombe."

Jumamosi kabla ya uchaguzi alipiga kura yake Kentucky, kwa wale wanaotaka kutangulia. Alivaa kitenge kilekile cha kiapo. Alinisimulia kwamba kwenye foleni alikuwapo mwanamke mzee anayefanya naye kazi, amevaa kofia ya kanisani, na huyo mzee alimwambia kwamba amepiga kura katika jimbo lile tangu ujana wake, na mtu wake wa urais hashindi pale miaka mingi sasa, naye haachi kuja. Yaya alimuuliza kwa nini. Mzee akamjibu kwamba hiyo ndiyo siku moja ambayo hakuna anayesimama mbele yake kwa sababu ya cheo. Yaya aliipenda sana kauli hiyo. Aliirudia mara tatu. Kisha akaniambia kwamba alipoingiza karatasi kwenye mashine, ilimezwa haraka, hakupata hata nafasi ya kuiaga, na akabaki amesimama pale mpaka kijana wa kituo akamwambia, "Mama, umemaliza."

"Ulijisikiaje?" nikamuuliza.

"Nzito," akasema. "Mwambie mume wako. Nilijisikia nzito."

Jumapili alipanda basi. Safari iliyobaki naijua kutoka kwa wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, na masimulizi yao yanalingana isipokuwa mahali pamoja, nani alilia kwanza. Binti alifungua mlango akidhani ni wale wa vikaratasi. Alikuwa ameshaandaa kusema hapana. Akamwona mama yake na begi moja na ndoo ya plastiki iliyofungwa kwa mkanda wa gundi, sombe ndani, bado ina barafu. Mtoto alikuwa kiunoni kwa mama yake. Alikuwa hajawahi kumwona bibi yake ila kwenye picha, akainyooshea kidole ile ndoo. Yaya akasema, "Nimekuja kwa ajili ya kura." Binti akasema, "Kura gani, mama?" Basi. Baada ya hapo ndipo masimulizi yanapoachana.

Jumatatu hawakuzungumza siasa. Yaya alimsuka mjukuu. Alinitumia picha, nikaona mistari imepinda, maana yaya hakuwa msusi kamwe, na nikamrudishia ujumbe kwamba mtoto amefanana na shamba la mihogo.

Jumanne, saa kumi alasiri kwetu, simu ikaita. Kwao ilikuwa saa tatu asubuhi. Walikuwa kwenye foleni ya ofisi ya mji, kwa sababu kule Michigan mtu anaweza kujiandikisha na kupiga kura siku hiyohiyo, kama ana uthibitisho wa makazi. Binti alikuwa ameshika bili ya umeme. Yaya alikuwa ameshika simu, mtoto yuko kwenye kigari, na foleni ilikuwa imekunja kona. Nilikuwa na wateja wawili na yule mwenzangu wa Kizulu. Wote wakasogea kwenye kioo cha simu, tukatazama Wamarekani wakipuliza mikono yao kwa baridi, huku dirishani kwetu watu wa Novemba wakirudi kutoka baharini na taulo mabegani.

Yaya alidhani amekata simu. Aliitia mfukoni, picha ikawa giza, sauti ikabaki. Ningepaswa kukata mimi. Sikukata.

Nilimsikia binti akiuliza, "Mama, kweli umesafiri siku nzima kwa sababu ya hii?"

"Nilipokwambia tunaondoka Uvira, uliondoka. Nilipokwambia tunaondoka Durban, ulilia, lakini uliondoka. Nimekuamuru maisha yako yote. Hili sikuamuru. Kama unataka tutoke kwenye mstari, tutoke, tukale."

Gurudumu la kigari likalia.

"Lakini lile neno," yaya akaendelea, "nilikuambia kwa simu. Msamaha sikutaka kuuleta kwa simu. Nimeuleta kwa basi."

Nilisikia kitambaa kikisugua simu, kwa muda mrefu, na nikaelewa kwamba wameshikana na mimi niko katikati yao, ndani ya mfuko wa koti. Nikaweka kitana chini. Mwenzangu hajui Kiswahili, lakini aliona uso wangu. "Nini, sisi?" akanong'ona. "Nani ameshinda?"

"Bado," nikamwambia. "Bado wako kwenye foleni."

Binti aliingia. Yaya alibaki nje na mtoto, akagundua simu iko hewani, akanigombeza, kisha akanionyesha mlango wa ofisi kana kwamba ni wodi ya wazazi. Tulingoja. Mteja wangu mmoja, mama wa Bukavu, alikataa nimalizie kichwa chake mpaka msichana atoke. Alipotoka alikuwa na ile stika yao kifuani na macho mekundu. Hakusema amemchagua nani. Yaya hakuuliza. Alimrudishia binti mtoto wake, akamfunga huyo mdogo skafu vizuri, akasema, "Twende, nina njaa."

Wiki moja baadaye binti aliniambia kwa siri alimpigia nani. Kwa kuwa yaya naye alikuwa ameshaniambia wake, nilikaa kitako kitandani. Walikuwa wamepiga tofauti. Mume wangu, niliyemhadithia bila kutaja majina ya wagombea, alipiga hesabu kwa vidole, kisha akacheka mpaka machozi. "Kwa hiyo shemeji amepanda basi siku nzima," akasema, "kwenda kumwamsha mtu mwenye kura nzito, ili aitupe upande wa pili!" Nikampiga kwa mto. Lakini kisha akaacha kucheka, akachukua simu yake, akatoka na kwenda kwenye ngazi. Nilimsikia akimwomba yaya radhi. Alimwambia kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi ila hakupaswa kuisema vile, akiwa na mchi mkononi. Yaya akamuuliza kama watoto wamekula, na mume wangu, ambaye sasa anamjua, akajibu, "Hapana, shemeji, leo usinifungie. Niambie kwanza habari za mjukuu." Wakaongea nusu saa.

Mshindi alikuwa ameshatangazwa. Mmoja wa hao wanawake wawili alifurahi na mwingine alisikitika, na wote walikuwa wanakaa nyumba moja wakati huo, maana yaya aliongeza wiki, kisha nyingine. Sitasema ni yupi. Nilimuuliza yaya mwezi mmoja baadaye kama anajua binti yake alipiga upande gani. Akasema alijua tangu kwenye foleni, jinsi alivyonyoosha shingo. Nikamuuliza, "Na ungejua kabla, ungepanda lile basi?"

"Ningepanda la mapema zaidi," akasema.

Pasaka iliyofuata binti alimpeleka mtoto Kentucky. Tangu hapo wananipigia Jumapili wakiwa wawili kwa pamoja, kila mmoja kwenye kioo chake. Hawapitishi tena homa kwangu. Wanazozana juu ya magavana, juu ya kodi, juu ya nani alisema nini kwenye televisheni, binti kwa Kiingereza, yaya kwa Kiswahili, na mtoto anaimba katikati yao. Jumapili iliyopita nilijaribu kuwaambia kwamba maji yamerudi mtaani kwetu baada ya siku tatu. Sikupata nafasi. Nikaiweka simu juu ya meza, nikaenda kuchambua mchele, nikajaza ndoo zote, nikaosha sufuria. Niliporudi walikuwa bado wanaongea, na hakuna aliyekuwa ameona kwamba niliondoka.